Kabla hamjachanga pesa ya gitaa mpya, shikeni kwanza bisibisi

Mhariri, salaam sana kutoka Busia, huku upande wa Uganda.

Naandika kwa sababu ya ile barua mliyoichapa juzi, ya yule ndugu mpiga gitaa wa kanisa aliyelia kwamba gitaa yao ya umeme haina usawa, uzi wa tatu unapiga kelele kama kuku aliyetaga na uzi wa pili umelala doro (tunahesabu kuanzia ule mwembamba kabisa, ndio wa kwanza, mpaka ule mnene wa sita), na mwishoni akasema kamati imeshakaa na waumini wanaanza kuchanga wanunue ingine. Niliisoma nikiwa kwa kinyozi nikashindwa kutulia, mpaka kinyozi akaniuliza wewe mzee unaguna nini nitakukata sikio. Tafadhali mwambieni asubiri, hiyo pesa ya watu isitoke kwanza. Kwa vile alivyoeleza mwenyewe naona gitaa yake haiumwi popote, kinachosumbua ni pikapu, na pikapu haitaki mchango, inataka bisibisi ya nyota na mtu mwenye subira.

Kwa wasomaji wasio wa gitaa, pikapu hapa sio ile gari inayobeba matoke. Ni kile kidude kirefu kimekaa chini ya nyuzi, gitaa zingine ziko nazo mbili zingine tatu, ndicho kinachosikia uzi na kupeleka sauti kwenye ampu, ile mashine ya kukuza sauti. Pikapu nyingi zimeshikwa na skrubu mbili huku na huku, na hizo skrubu watu wanadhani ni za kushikilia tu, kumbe ndizo za kuipandisha na kuishusha. Miaka minane mimi nimepiga gitaa bila kuzigusa hata siku moja, nilikuwa naogopa, nilidhani nikizungusha kitu kitaanguka ndani.

Sasa yaliyonipata. Gitaa yangu ni kopi ya Stratocaster, ile gitaa maarufu ya kampuni ya Fender, kopi yenyewe ya Kichina, niliinunua ikiwa imeshatumika, shingo yake nzuri sana hata leo sibadilishi na mtu. Ila uzi wa tatu, jamani. Na sisi huku tunapiga mtindo wa lingala, na lingala haifichi kitu. Mpiga roki akiwasha distoshen yake kila kitu kinabanwa pamoja, uzi mdogo na mkubwa zinatoka kimo kimoja, nani atajua. Sisi sauti yetu ni safi haina nguo, vidole vinazunguka uzi wa nne, wa tatu, wa pili, wa kwanza, unarudi, unazunguka tena dakika kumi watu wanacheza, sasa kama kila ukifika wa tatu sauti inaruka na ukifika wa pili inazama, hata mama anayeuza karanga nje ya geti anajua kuna kitu hakiko sawa.

Kijana wetu wa miksa alijaribu kusaidia, akawa anakata pale kwenye miksa ile sauti inayoruka, lakini hiyo dawa inaua mgonjwa. Uzi wa tatu ukiuacha wazi unalia G, Hz 196 hivi, na hiyo hiyo G iko kwenye uzi wa nne freti ya tano (freti ni vile vichuma vilivyolazwa kukatiza shingo), ukiikata kwenye miksa umeikata kote, sasa uzi wa nne nao ukawa na shimo. Tukawa na matatizo mawili.

Basi nikapanda taksi kwenda Kampala, karibu kilomita 200, pale Namawojjolo wenzangu wote wanashika vijiti vya kuku wa kuchoma dirishani mimi nimekaza macho mbele ili pesa ya fundi isipungue. Fundi mwenyewe simtaji jina wala mtaa, ana watoto. Akachomeka gitaa, akagonga gonga zile sumaku zilizo kwenye pikapu kwa ncha ya bisibisi, akatikisa kichwa kama daktari, akaniambia, "Ssebo, hii pikapu imekufa kwenye uzi wa pili, tubadilishe." Nikalipa. Nikarudi Busia usiku. Jumapili nikachomeka nikapiga nyuzi zote sita moja moja, na uzi wa tatu ukaruka vile vile, wa pili ukalala vile vile, yaani tofauti pekee ilikuwa mfukoni mwangu.

Na hiyo haitoshi. Jirani wa yule fundi alikuwa anachomelea mageti, anasaga vyuma siku nzima, na vumbi la chuma likiona sumaku linajua kwao. Nilipoiangalia pikapu mpya kwenye mwanga wa dirisha ilikuwa imeota ndevu. Kweli kabisa, vinywele vyeusi vimesimama juu ya kila sumaku kama kidevu cha kijana wa sekondari. Nilivitoa kwa seloteipu, unabandika unabandua, unabandika unabandua, karibu saa nzima, na mke wangu ananiangalia tu hasemi kitu.

Laiti ningejua wakati ule ninachokijua sasa ningemcheka yule fundi mbele yake. Ndani ya pikapu kama ile kuna sumaku sita, moja chini ya kila uzi, halafu kuna waya mwembamba kama unywele umezungushwa mara 7,000 au 8,000 hivi kuzizunguka zote sita kwa pamoja. Waya ni mmoja. Uzi wa chuma ukitetemeka unasukasuka nguvu ya sumaku, na waya ukisukwasukwa hivyo unatoa umeme kidogo, ni kile kile alichokionyesha Faraday mwaka 1831, ni kile kile kwenye dainamo ya baiskeli, na ni kile kile kinachofanyika pale Jinja kwenye bwawa ila pale ni maji ya Nile yanasukuma. (Na kwa taarifa tu, bwawa la Owen Falls ambalo leo tunaliita Nalubaale lilifunguliwa 1954, na Stratocaster nayo ilitoka 1954 hiyo hiyo. Mimi hii kitu inanifurahisha sana, hakuna mwingine nyumbani inayemfurahisha.) Sasa kama waya ni mmoja kwa nyuzi zote, unakufaje kwenye uzi wa pili peke yake? Ukikatika, nyuzi zote sita zinapotea pamoja. Uzi mmoja ukiwa mdogo na mwenzake mkubwa, mara nyingi sana hiyo ni habari ya umbali tu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja Mkongo, mpiga solo wa zamani, alikuja huku kwa harusi ya ndugu yake. Alinisikia nafanya mazoezi akaja akakaa kwenye kreti ya soda, akasikiliza nyimbo mbili nzima bila neno. Halafu akaniuliza, "Mdogo wangu, una kadi ya benki?" Nikajua basi, huyu naye anataka kulipwa. Nikamwambia mzee mimi niko nayo moja tu na ndani hamna kitu. Akasema hataki kitu cha ndani, anataka kadi tatu. Nikaazima ya mke wangu, ya tatu nikaazima kwa mweka hazina wa kwaya ambaye aliitoa kwa shida akasimama hapo hapo kuilinda.

Kumbe kadi za benki zote duniani zina unene mmoja, milimita 0.76. Mbili ni kama 1.5, tatu ni kama 2.3. Mzee akaniambia kandamiza uzi wa sita kwenye freti ya mwisho kabisa, ile ya chini karibu na mwili wa gitaa, usiachie. Uzi ukishakaa hivyo unapima nafasi kati ya tumbo la uzi na kichwa cha sumaku. Halafu fanya hivyo hivyo uzi wa kwanza. Fender wenyewe kwa pikapu zao za kawaida za Stratocaster wanashauri milimita 2 upande wa uzi wa sita na 1.6 upande wa uzi wa kwanza, kwa hiyo ukienda kwa kadi, upande wa nyuzi nyembamba kadi mbili zipite kwa kubana, upande wa nyuzi nene mbili zicheze na tatu zigome. Kadi iwe ile isiyo na namba za kuvimba, la sivyo umepima namba.

Kwangu mimi hata kadi moja iligoma. Upande wa nyuzi nyembamba pikapu ilikuwa imepanda juu karibu ibusu uzi, na sijui aliyeniuzia ndiye alifanya hivyo ama ni fundi, kila mtu anataka sauti kubwa. Mzee akachukua bisibisi akaanza kushusha, nusu mzunguko, anapiga uzi wa tatu na wa pili kwa kidole gumba nguvu ile ile, anasikiliza, nusu tena. Hakuwa na haraka hata kidogo. Mimi nilitegemea uzi wa tatu ushuke na wa pili nao uzidi kushuka, lakini hapana, walianza kukaribiana, na ilipofika pale kadi mbili zinapita kwa kubana zile nyuzi mbili zikawa kama ndugu.

Nikamuuliza mzee imekuwaje, akaonyesha ile stendi ya maikrofoni yetu. Waimbaji wawili maikrofoni moja, mfupi amesimama pua inagusa, mrefu yuko hatua nyuma, unamsikia mfupi peke yake. Warudishe wote hatua mbili nyuma. Bado mrefu yuko nyuma ya mfupi hatua ile ile moja, lakini sasa sauti zao zinalingana. Kwenye gitaa ni hivyo hivyo, sumaku ikiwa milimita 1 kutoka uzi huu na 2 kutoka uzi ule, mmoja yuko mbali mara mbili. Ukishusha pikapu milimita moja na nusu inakuwa 2.5 na 3.5, tofauti imebaki ile ile ila imekuwa ndogo mbele ya umbali wote.

Na kwa nini sumaku hazilingani urefu? Angalieni Stratocaster za mtindo wa zamani na kopi zake, utaona zile sumaku sita zingine ndefu zingine fupi, ya uzi wa tatu imesimama juu na ya uzi wa pili iko chini. Miaka ya 1950 uzi wa tatu ulikuwa umezungushiwa waya juu, sauti yake ilikuwa dhaifu, kwa hiyo walimpandishia sumaku. Leo wengi tunafunga uzi wa tatu mtupu usio na waya, wenye kelele, lakini viwanda vingi bado vinanakili ule urefu wa zamani. Ni kama nyumba iliyojengwa na ngazi ya mtu mfupi, mfupi alishahama. Dawa yake ni kushusha kama alivyofanya mzee, na kama bado unaruka unafunga uzi wa tatu mwembamba kidogo, zile seti tunazoziita za kumi, ambazo uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.010, zina uzi wa tatu wa inchi 0.017, weka wa 0.016 utasikia umetulia.

Hapa lazima niseme kwa herufi kubwa ingawa mhariri hapendi: USISUKUME SUMAKU KWA KIDOLE. Jamaa yangu mmoja wa Tororo alipoambiwa sumaku ya uzi wa tatu iko juu sana akaona njia fupi ni kuibonyeza ishuke. Kwenye pikapu nyingi za namna ile waya umezungushwa juu ya sumaku zenyewe, ukiisukuma inakwaruza waya mwembamba kama unywele na hapo sasa kweli imekufa, yule fundi wangu angekuwa sahihi kwa mara ya kwanza. Pikapu zilizo na skrubu juu, kama hambaka, yaani pikapu yenye koili mbili za waya badala ya moja, hizo ndio za kurekebisha uzi mmoja mmoja, na hapo kuna mtego: skrubu za pembeni kwenye gitaa nyingi ukizungusha kulia pikapu nzima inapanda, lakini zile skrubu ndogo sita za juu ukizungusha kulia zinazama. Nimeona mtu anashusha huku anapandisha kule nusu siku nzima halafu anasema gitaa ina mapepo.

Mapepo yenyewe yako, lakini ni mengine. Wale wanaopandisha pikapu juu ili sauti iwe kubwa, sumaku inaanza kuuvuta uzi. Uzi unataka kutetemeka, sumaku inamkamata shati. Piga uzi wa sita au wa tano juu huko freti ya kumi na mbili kuendelea utasikia wowowowo, kama noti mbili zinagombana ndani ya noti moja, na sindano ya tyuna haitulii, halafu sauti inakufa haraka kabla hujamaliza. Na sisi watu wa sebene, ile sehemu ya wimbo ambayo gitaa linazunguka na watu wanacheza, tunaishi wapi? Huko huko juu. Ndio maana nasema hii shida ni yetu kuliko ya wengine. Nimewahi kufungua na kufunga daraja, kile chuma nyuzi zinapokalia mwilini mwa gitaa, mara nne nikidhani intonesheni imeharibika, yaani noti haziko sawa ukipanda freti za juu, kumbe ni pikapu ya shingoni imepanda. Hiyo ya shingoni ndio inavuta vibaya zaidi kwa sababu pale uzi unayumba sana, karibu na daraja uzi hauyumbi, kwa hiyo ya shingoni ikae chini zaidi na ya darajani isogee karibu, ndio sauti zao zinalingana ukihamisha swichi. Kampuni ya Gibson kwa hambaka zao wanasema kama milimita 2.4 shingoni na 1.6 darajani, ni wazo lile lile.

Ukishashusha, sauti nzima itapungua kidogo, hapo mtu anashtuka anarudisha. Usirudishe! Ampu iko na kitufe cha volyumu, kiliwekwa kwa kazi hiyo.

Kitu kingine ambacho namuuliza yule ndugu, ni nyuzi gani amefunga? Huku kwetu ukienda dukani unapewa zilizopo, na mara nyingi zilizopo ni za gitaa ya boksi, zile nene zake zina rangi ya shaba inayong'aa. Kwenye gitaa ya boksi ni tamu. Kwenye gitaa ya umeme sumaku haioni ule mzunguko wa shaba, inaona tu chuma chembamba cha ndani, kwa hiyo nyuzi nene zinakuwa dhaifu na zile mbili nyembamba ambazo ni chuma kitupu zinapiga kelele, na hapo utazungusha skrubu mpaka mkono ufe ganzi. Tafuteni zilizoandikwa nikeli. Na muanze na nyuzi mpya na kimo cha nyuzi kwenye daraja kabla ya kugusa pikapu, kwa sababu ukishusha nyuzi baadaye umbali wote umebadilika na kadi zako zinakuwa uongo.

Kama amefanya hayo yote na bado, basi aende kwa fundi redio yeyote mwenye mita, aombe apimiwe pikapu. Hizi za koili moja nyingi zinasoma kati ya omu 5,000 na 8,000. Mita ikisoma humo, waya wa pikapu uko hai na asikubali kuambiwa vingine. Isiposoma kitu hapo sawa, wachange, na hata hapo wanachangia pikapu sio gitaa nzima.

Na kama skrubu ikizunguka lakini pikapu haipandi wala haishuki, asiogope, springi ya chini imechoka ama imepotea. Mimi kwangu moja ilikuwa hakuna kabisa, nikaweka kipande cha sponji ya godoro kuukuu, kiko pale hadi leo.

Mhariri, naomba mumfikishie hii kabla Jumapili haijafika maana nasikia makanisani pesa ikishatangazwa hairudi nyuma. Kama yuko karibu na mpaka aje nayo tu, nitamfanyia bure, soda atanunua yeye. Ila kadi za benki aje nazo zake. Ile ya mweka hazina niliirudisha siku ile ile na mpaka leo nikimkaribia anashika mkoba.

Ni mimi,
Mpiga solo wa kwaya,
Busia, Uganda